Kuziba milango ya gari ili spika zitoe besi ya maana, jinsi ninavyofanya hapa Dodoma

Debe tupu haliachi kuvuma, na mlango wa gari ukiuangalia vizuri ni debe tupu lenye kioo ndani. Nenda kwenye gari yako sasa hivi, kunja kidole, gonga katikati ya bati la nje la mlango wa dereva. Kama linalia ngwaaa na linaendelea kulia wakati mkono umeshautoa, basi hata ufunge spika za bei ya ng'ombe zitalia kama redio ya mbao. Na watu wengi ndo hapo wanapopigwa, wanabadilisha spika, wanaongeza amplifaya, wanabadilisha tena spika, kumbe ugonjwa uko kwenye mlango.

Mimi sio fundi wa gereji. Nina IST yangu, nimeshafanya milango yake mara mbili (mara ya kwanza niliharibu, nitasimulia), nikafanya Premio ya shemeji na za jamaa wachache wa mtaani hapa Nkuhungu. Kwahiyo naandika nilichokishika kwa mikono, na mikono yenyewe ina makovu ya kukatwa na bati.

Kwanza elewa kinachotokea mle ndani, maana ukielewa hapa hutapoteza hela. Spika ikisukuma hewa mbele, muda huohuo kwa nyuma inanyonya. Sasa ukivua kava la mlango utakuta bati la ndani lina matundu makubwa, mengine mkono unazama mpaka kwenye kiwiko, yameachwa kiwandani ili fundi aweze kufunga kioo na mota yake, afu yamefunikwa na karatasi ya nailoni tu. Sauti ya nyuma ya spika inapitia kwenye hayo matundu, inakuja kukutana na ya mbele, zinauana. Inayokufa zaidi ni besi kwa sababu mawimbi yake ni marefu, wimbi la Hz 100 (mitikisiko 100 kwa sekunde) peke yake lina mita 3 na ushee, kwahiyo kwa wimbi la namna hiyo tundu lililoko sentimita 20 pembeni ya spika ni kama halina umbali wowote.

Ndo maana nasema, kama hela yako ni ndogo anza na kuziba matundu ya bati la ndani. Watu wanafanya kinyume, wanajaza bati la nje lote mpaka kwenye kona, matundu ya ndani wanaacha na nailoni yake, afu wanasema hii kitu ni utapeli.

Bati la nje nalo lina dawa yake ila halihitaji kujazwa. Zile karatasi nzito zenye foili juu na raba inayonata chini (wengi tunaziita dynamat zote hata kama kampuni ni nyingine) hazifanyi kazi ya kuzuia sauti kama ukuta. Bati likitaka kutikisika, ile raba inavutwa katikati ya bati na foili, mtikisiko unaishia humo kwa kugeuka joto kidogo sana. Kwahiyo ukishabandika robo mpaka nusu ya eneo la bati, hasa katikati ambapo linacheza zaidi, umeshapata karibu faida yote. Ukijaza mlango mzima unaongeza uzito tu na bawaba zako zinabeba, maana mita mraba moja ya hizo karatasi inakaribia kilo 3.

Vitu vya kutafuta

Karatasi zenyewe ziwe za raba ya butili, unene milimita 2 hivi, foili ya alumini juu. Kwa milango miwili ya mbele mita mraba 2 inatosha bati la nje na la ndani, na kipande kinabaki. Milango ya nyuma iache kwanza, wewe unakaa mbele.

Hapa ndo niwape kisa changu. Mara ya kwanza nilijifanya mjanja, nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua ule utepe mweusi wenye foili wa kuzibia mabati ya nyumba yanayovuja. Ukiuangalia ni mapacha na dynamat, bei ni ya chini sana, nikajiona nimepata. Nikabandika mwezi wa kumi. Sasa Dodoma ya mwezi wa kumi na kumi na moja mnaijua, gari ilikuwa inashinda Mtumba imepaki juani tangu asubuhi mpaka jioni na mti wa kivuli hakuna. Wiki ya pili ndani ya gari kuna harufu kama barabara inayowekwa lami, mama watoto ananiuliza nimebeba nini. Wiki ya nne kioo cha dereva kikaanza kupanda kwa kusitasita. Kuvua kava, nakuta karatasi zimeteremka zote kama kamasi, moja imelalia reli ya kioo, nyingine imeenda kuziba matundu ya kutolea maji chini ya mlango. Na kabla sijapata siku ya kusafisha mvua zikaanza, mlango ukawa unabeba maji, nikikata kona nasikia chwaaa mle ndani kama nimebeba dumu. Kuitoa ile lami kulinichukua siku mbili, petroli na kisu cha kukwangulia rangi, na mpaka leo kuna mahali haijatoka.

Kwahiyo kabla hujalipa hela, jaribu hivi. Vuta kipande kidogo cha ile raba kwa vidole. Butili inavutika kama big g na haina harufu kali. Ya lami inakatika haraka, inaacha weusi kwenye vidole, na ukiinusa ni barabara kabisa. Kama bado una wasiwasi chukua kipande, bandika kwenye kipande cha bati, kisimamishe wima juani kutwa nzima. Jioni kikiwa kimeshuka hata nusu sentimita, hicho sio cha kuweka kwenye gari inayoishi Dodoma. Muuzaji akikataa kukupa kipande cha kujaribu, nunua karatasi moja tu kwanza.

Kwa hapa mjini zinapatikana kwa kubahatisha. Mimi niliagiza Kariakoo zikapanda basi nikazipokea stendi ya Nzuguni. Mwambie anayetuma apakie zikiwa zimelala bapa na zisiwekwe chini ya mizigo mingine, za kwangu mzigo wa kwanza zilikunjwa, foili ikapasuka mistari mistari.

Vingine ni vya kawaida: spiriti na vitambaa visivyotoa nyuzi, kisu cha kukatia chenye wembe mpya, bisibisi, glavu (foili inakata kama wembe na kingo za bati la mlango ndo usiseme), rola ndogo ya kugandamizia. Rola ukikosa tumia mpini laini wa bisibisi, utachoka lakini kazi itafanyika. Tafuta pia vipande vya bati la alumini la milimita 1, hivyo hata hununui, pita kwa mafundi wa madirisha ya alumini, na mji huu ulivyo wa kujenga kila mtaa wapo, watakupa mabaki. Na sponji ngumu isiyonyonya maji, ile jamii ya ndala, unene milimita 3 mpaka 5.

Sponji ya godoro usiweke. Narudia, ya godoro usiweke. Inakunywa maji, inakaa nayo, mlango unaoza kwa ndani wewe huoni mpaka rangi ianze kufura. Nimeshaitoa kwenye gari ya jamaa mmoja aliyofungiwa na fundi wa muziki, ilikuwa imeshaota ukungu.

Siku ya kazi

Chagua siku isiyo na upepo au fanyia sehemu iliyofungwa, maana vumbi letu hili jekundu likigusa ile raba hata kidogo haishiki tena. Anza saa moja asubuhi. Mchana bati linakuwa la moto, karatasi inanasa papo hapo kabla hujailenga na ukijaribu kuibandua inabaki foili mkononi. Ila mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi, raba inakuwa ngumu, hapo ziweke karatasi juani dakika kumi kwanza zilainike. Mlango mmoja kwa mara ya kwanza hesabu nusu siku. Usianze yote miwili kwa pamoja, acha mmoja uwe unauangalia ukisahau kitu kilikuwa kinakaaje.

Kuvua kava

Piga picha kwa simu kila hatua, hata unayoona haina maana. Pandisha kioo mpaka juu. Chomoa waya hasi ya betri kama gari ina eabegi za pembeni, subiri dakika kadhaa ndo uendelee. Na hapa niseme mapema, baadhi ya magari ya karibuni yana sensa ya mgandamizo wa hewa ndani ya mlango wa mbele inayofyatua eabegi ya pembeni mlango ukigongwa. Ukikuta kitu cha namna hiyo kimefungwa kwenye bati la ndani, usiuzibe huo mlango bila kumuuliza mtu anayeijua gari hiyo.

Skrubu zinajificha. Kwa Toyota nyingi utakuta moja nyuma ya mkono wa kufungulia mlango, kuna kifuniko kidogo cha plastiki unakibandua na bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa, nyingine iko kwenye kishikio cha kuvutia mlango. Ile pembe tatu ya plastiki karibu na kioo cha pembeni inavutwa tu. Ukimaliza skrubu zote, ingiza vidole chini ya kava kwenye kona na vuta kwa ghafla kidogo, klipsi zitaanza kuachia moja moja, pap, pap. Ukivuta kwa woga ndo unazivunja. Zitavunjika mbili tatu hata hivyo, nunua za akiba kabla. Klipsi za chini na pembeni zikishaachia zote, nyanyua kava kwenda juu, kwa sababu sehemu ya juu imening'inia kwenye mlango. Usilivute likaanguka, kuna waya wa swichi za vioo na kebo ya kufungulia mlango bado zimeshika.

Nailoni iliyobandikwa na gundi nyeusi itoe polepole, ikate gundi kwa kisu. Usiitupe kwanza.

Kusafisha

Hii hatua watu wanaikimbia na ndo inayoamua kama karatasi itakaa miaka au miezi. Mlango wa gari iliyokimbia barabara za vumbi za Bahi au Kondoa una vumbi la unga ndani, limechanganyika na grisi ya reli. Futa kwanza na kitambaa kikavu, afu kitambaa cha maji, acha likauke, malizia na spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mabaki ya gundi nyeusi kwenye bati la ndani sio lazima yatoke yote, yabakishe bapa tu. Ukifika chini kabisa ya mlango angalia matundu ya kutolea maji, ni vipasuo vidogo kwenye ukingo, viwili au vitatu. Vizibue na waya. Maji ya mvua yanaingia mlangoni kupitia raba ya kioo kila siku na lazima yatokee hapo. Chora alama ya kalamu usawa wa sentimita 5 juu ya chini ya mlango, usibandike kitu chochote chini ya alama hiyo.

Bati la nje

Hapa unafanyia kazi ndani ya tundu kwa kupapasa, kwahiyo kata vipande vidogo vya sentimita 15 kwa 20, usijaribu kuingiza karatasi nzima. Shusha kioo ujue kinapita wapi (swichi na betri ziunganishe kwa muda), kipandishe tena, ndo ubandike. Anza katikati ya bati, nyuma ya spika weka kipande kikubwa zaidi. Uwe unagonga kwa kidole nje wakati unaendelea: mwanzo ngwaaa, ukifika vipande vitatu vinne linakuwa dup, kama unagonga mlango wa mbao. Ukisikia dup kila unapogonga, acha. Karatasi iliyobaki ni ya bati la ndani.

Gandamiza kwa rola mpaka ile michoro ya vimraba kwenye foili ilale kabisa, kidole kikipita kisihisi kitu. Sehemu ambayo michoro bado imesimama ujue raba haijashika bati, kuna hewa chini, na juani hewa hiyo itatanuka itaibandua.

Nyuma ya spika, juu ya kile kipande, bandika na ile sponji ya jamii ya ndala ili sauti ya nyuma isirudi moja kwa moja kwenye koni, ile sehemu ya spika inayocheza. Ni kitu kidogo, ukikosa sponji usilale macho.

Ukiwa bado umo ndani, shika kila fito na kila kebo uitikise. Fito za kitasa zinagonga bati kama njuga, zizungushie sponji au utepe wa kitambaa. Nyaya zilizoning'inia zifunge. Premio ya shemeji ililia besi ikipiga, tulitafuta mchana mzima, kumbe ni fito moja ya loki.

Matundu ya bati la ndani

Kazi yenyewe ndo hii. Tundu dogo bandika karatasi tu. Tundu kubwa ukibandika karatasi peke yake inakuwa ngozi ya ngoma, spika ikipiga inaingia na kutoka, besi inapotea palepale. Kwahiyo kata bati la alumini kubwa kuliko tundu kwa sentimita 2 kila upande, lifuate umbo, zungushia ukingo wake kamba ya raba ya butili (vipande vyembamba ulivyokata, toa foili), lifunge kwa skrubu fupi, afu pitisha karatasi juu. Skrubu ziwe fupi kweli, maana kioo kikishuka kinapita sentimita chache nyuma ya hapo. Ukikosa alumini, kifuniko kigumu cha ndoo ya rangi ya lita 20 kimeshaniokoa.

Kwanini skrubu na sio kugundisha moja kwa moja? Kwa sababu siku mota ya kioo ikifa, fundi wa vioo ataikuta kazi yako. Akikuta umeziba mlango mzima kama bati la paa atakutukana, afu atachana na kisu kila kitu. Ukiacha bati lenye skrubu sita anafungua, anatengeneza, anarudisha.

Matundu ya skrubu za kava, matundu ya klipsi na mahali nyaya zinapopita usizibe hovyo. Klipsi ziachie nafasi, nyaya zizungushie butili kidogo. Raba ikifika kwenye tundu la klipsi, kava halitakaa.

Ukimaliza, na spika ikishafungwa (naieleza hapo chini), weka muziki kabla ya kurudisha kava na uweke kiganja pembeni ya yale mabati. Ukisikia upepo unapiga mkononi kuna mahali panavuja.

Spika yenyewe

Spika nyingi za kiwandani zimefungwa kwa skrubu, nyingine ribiti, za ribiti utatoboa kwa drili na usafishe vumbi la chuma lote kwa sababu sumaku ya spika mpya italivuta. Pete ya kufungia spika iwe plastiki ngumu. Ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) inavimba ikipata maji, kama huna nyingine ipake vanishi pande zote mara tatu, mpaka ndani ya matundu ya skrubu. Kati ya pete na bati weka kamba ya butili, kusiwe na mwanya hata wa karatasi. Kabla ya kukaza, shusha kioo mpaka chini uone hakigusi sumaku.

Waya chanya na hasi ziwe sawa kulia na kushoto. Usiamini rangi, fundi aliyepita anaweza kuwa alifanya yake. Chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusisha kwenye waya mbili za spika kwa sekunde moja, koni ikitoka nje basi waya iliyogusa chanya ya betri ndo chanya. Ikiwa moja inatoka na nyingine inaingia, umeziba milango bure, besi itauana katikati ya gari.

Mwisho bandika duara la sponji kuzunguka uso wa spika, liguse nyuma ya kava likirudi. Bila hilo duara sehemu ya sauti inapotelea nyuma ya plastiki na kava linaanza kulia.

Kurudisha na kupima

Unganisha swichi, jaribu vioo, jaribu loki kwa ndani na nje, mlango ukiwa WAZI. Mtu akifunga mlango kebo ya kufungulia haijakaa, atatokea upande wa pili. Ndo urudishe kava, juu kwanza, afu piga klipsi kwa ngumi.

Kwenye redio weka kichujio cha spika za milangoni Hz 80, chini ya hapo mwachie sabwufa kama unayo. Kama huna shuka mpaka 60 lakini usipige kwa fujo. Piga wimbo wenye besi nzito au tafuta programu ya simu inayotoa mlio wa Hz 40 kupanda hadi 200, pandisha taratibu huku umeweka kiganja kwenye kava, kwenye mfuko wa mlango, kwenye kioo. Kinacholia utakihisi kabla hujakisikia. Mara nyingi sasa hivi kitakuwa kitu kingine kabisa, sarafu kwenye mfuko wa mlango, kibati cha namba, hata taa ya ndani. Mlango ukinyamaza ndo unagundua gari nzima ilikuwa inaongea.

Ila usitegemee kelele za barabara zipotee. Zitapungua pembeni, mlango utafunga kwa sauti ya gari ya bei kubwa, wageni watauliza, lakini mlio wa matairi ukienda Singida unatoka sakafuni na kwenye matao ya magurudumu, hiyo ni kazi nyingine na karatasi nyingine.

Kabla mvua ya kwanza haijanyesha, mwagia mlango maji juu ya kioo kwa jagi kama lita mbili, afu chutama uangalie chini. Yakitoka kwenye vile vipasuo ndani ya dakika moja, kazi imeisha. Yasipotoka, vua kava leoleo.